Mwendo wa Saa Mbili na Dakika Kumi

Thesaloniki, 14 Februari 1995

Mdogo wangu Prodromos,

Natumaini wewe, Chrysa na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Stuttgart haijawagandisha masikio. Sisi tupo. Goti langu la kushoto bado linajua habari za mvua kabla ya redio. Iordanis amestaafu tangu mwaka mpya, na sasa mume wangu huyo anashinda jikoni akinifundisha kupika maharage, mimi niliyempikia miaka thelathini na moja bila kusikia malalamiko. Ikifika Pasaka nitakuwa nimemrudisha kiwandani kwa mkono wangu.

Naandika kwa sababu simu imenichosha. Kila nikipiga, Chrysa ananiambia uko zamu. Miaka mitatu uko zamu, Prodromos. Kiwanda hicho kinakupenda kweli.

Mwezi uliopita Mama ametimiza miaka mitatu udongoni. Ofisi ya makaburi imeleta karatasi, kaburi linatakiwa kwa mwingine. Nimekubaliana na Padri Savvas tumfungue baada ya Pasaka, Jumamosi tarehe sita Mei. Kazi yenyewe unaijua, tuliifanya kwa Baba. Stathis anachimba, sisi tunapokea mifupa, tunaiosha kwa divai, tunaiweka kwenye sanduku lenye jina lake. Wanaopokea ni watoto wa marehemu. Mama ana watoto wawili, na sitaki kusimama pale peke yangu na taulo mkononi kama mfanyakazi wa hoteli.

Nimemuuliza wakala wa safari hapa mtaani. Kutoka Stuttgart mpaka Thesaloniki ndege inachukua saa mbili na dakika kumi. Kwa daktari wa goti nakaa kwenye benchi muda mrefu kuliko huo. Hukuja kumzika, hukuja kwenye arobaini, hukuja mwaka ulipotimia. Hili la mifupa ndilo la mwisho, halina jingine nyuma yake.

Njoo.

Dada yako,
Evanthia


Stuttgart, 9 Machi 1995

Dada Evanthia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na umwambie shemeji Iordanis nampongeza kwa kustaafu na nampa pole kwa bosi mpya aliyempata. Chrysa mgongo unamsumbua lakini anatembea. Binti yetu Anatoli amefaulu mtihani wa udereva, sasa mimi ndiye ninayeomba funguo za gari. Unisamehe kwa kuchelewa kujibu, kiwandani wametuongezea saa kwa sababu ya mashine mpya.

Kuhusu safari, wakala wako hajakuambia yote. Hizo saa mbili na dakika kumi ni za angani tu. Ongeza saa mbili za kusubiri uwanjani huku, ongeza saa nzima ya mizigo huko, ongeza na saa moja ambayo ninyi mmetutangulia. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita elfu moja na mia nne, lakini ndege haiendi kwa mstari ulionyooka, inafuata njia zake. Tena uwanja wenu una ukungu, hilo unalijua kuliko mimi. Usingekuwa ukungu ule wa Januari, ningekuwa pembeni ya kitanda cha Mama siku ile ile.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Ningewasha gari, kilomita elfu moja na mia nane kupitia Yugoslavia, siku mbili barabarani, na asubuhi ya tatu nakunywa kahawa kwenye roshani yako. Vita imeifunga njia hiyo, nifanyeje.

Sisemi siji. Nasema nitajitahidi. Ila nimeanza kumtengenezea Mama sanduku, la mbao ya mwaloni, sitaki alale kwenye bati la dukani. Jina lake nalichonga mwenyewe kila jioni. Nitalituma na basi la mizigo ili lifike mapema, endapo nitachelewa.

Mdogo wako,
Prodromos


Thesaloniki, 15 Mei 1995

Prodromos,

Tuko wazima. Iordanis ana mafua, na anaugua kama wanaume wanavyougua, yaani kwa sauti. Sanduku lako lilifika siku mbili kabla, limefungwa vizuri kwenye blanketi. Ni zuri mno, mtu haoni hata mbao zilipounganishwa. Kila aliyeliona alisifu mkono wako, kisha akauliza mwenye mkono yuko wapi. Niliwaambia yuko zamu.

Sasa nikueleze yaliyotokea, na nitayaeleza mara moja tu.

Tulifika makaburini saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa kali, ukungu hata wa kuulizia haukuwepo. Alikuwepo Padri Savvas, mimi na Iordanis, Bi Olga wa ghorofa ya chini na binti yake Sumela, ambaye amerudi kuishi hapa kutoka huko kwenu, na wanawake wengine watano wa mtaani waliomjua Mama. Nilikuwa na chupa mbili za divai na taulo jipya. Stathis alichimba mpaka akafika kwenye mbao, halafu sururu ikanyamaza. Akainama, akapapasa kwa mkono, akaniangalia.

"Bi Evanthia," akasema, "mama yako hajayeyuka."

Niliuona mkono wake. Zaidi ya hapo sitakuandikia. Ulikuwa mkono wa Mama, na mimi nilikuja kupokea mifupa.

Watu wetu unajua wanavyosema. Asiyeyeyuka kuna anayemshikilia. Kuna mtu alimkosea, hakuomba radhi, na sasa udongo unamkataa. Walifanya ishara ya msalaba, wakarudi nyuma hatua moja, wakaanza kuniangalia mimi, na kutoka kwangu wakaangalia pale ulipotakiwa kusimama wewe. Ni Bi Olga aliyeshindwa kujizuia.

"Maskini Parthena," akasema, akimtaja Mama kwa jina. "Bado anamsubiri mtu."

Uso uliniwaka moto. Nilitamani Stathis apanue shimo aniingize na mimi.

Wamemhamishia karibu na ukuta wa nyuma, wamemfukia tena kwa miaka miwili. Padri Savvas alinivuta pembeni akaniambia kwamba kama kuna mtoto mwenye jambo na mama yake, aje alitamke juu ya kaburi, naye atasoma sala ya kumfungua ili udongo umpokee. Nikamwambia familia yetu haina jambo. Aliangalia viatu vyake. Divai nilirudi nayo nyumbani, na sanduku pia, liko juu ya kabati chumbani.

Sikuulizi kitu.

Evanthia


Stuttgart, 8 Juni 1995

Dada yangu,

Barua yako imeniumiza, na nakupa pole kwa kusimama pale peke yako. Huku hatujambo, watoto wanakusalimu.

Lakini dada, wewe ni mtu mwenye akili zako. Haya ni mambo ya udongo. Makaburi yale yako kwenye mfinyanzi, maji hayapiti. Jeneza lilipakwa vanishi nzito, mimi mwenyewe nilikuambia kwa simu uchague la kawaida. Tena Mama alimeza dawa za moyo miaka kumi na nne, na dawa zinakaa mwilini. Nimemuuliza mtu hapa anayejua mambo ya mbao na unyevu, akasema si ajabu hata kidogo. Watu wangapi wa mtaa wetu wamefunguliwa wakakutwa hivyo, na hawakuwa na ugomvi na mtu? Yule mwokaji mikate wa pembeni alikaa miaka saba, na alikuwa mtu mpole kuliko mikate yake. Bi Olga aache kumtafutia Mama maadui, aangalie masufuria yake.

Kama wanahoji kwa nini sikuja safari hii, waambie mashine mpya. Kama wanahoji ya mwaka ule, waambie ulivyowaambia siku zote, ukungu.

Huyo Sumela alikuwa anakaa huku? Sikumbuki kama nimewahi kumwona. Je, alisema chochote? Nauliza tu.

Prodromos


Thesaloniki, 20 Juni 1995

Prodromos,

Salamu utazikuta mwishoni kama zitabaki.

Umeandika ukurasa mzima wa mfinyanzi, kisha ukamuulizia Sumela kwa mstari mmoja, mwisho kabisa. Basi mimi naanzia hapo.

Sumela alikuja kumwona mama yake Jumapili ile ile ya Januari. Siku ya arobaini, akiwa ameshika kahawa mkononi, aliniuliza mbele ya watu, "Dada Evanthia, Prodromos alikwenda wapi siku ile? Nilimwona ndani ya ndege, viti vitatu mbele yangu. Halafu akashuka kabla hatujaondoka, sikumwona tena." Nikamwambia alikufananisha. Akasema labda. Ana adabu zake yule mwanamke, hakurudia.

Tena wala sikumhitaji Sumela. Uliponipigia jioni ile na kusema uwanja wa huku umefungwa kwa ukungu, mimi nilikuwa nimesimama kwenye roshani, nimeshika simu mkono mmoja na mkono mwingine naanua shuka za Mama. Zilikuwa zimekauka kwa jua.

Nimekubebea ukungu huo miaka mitatu na nusu. Nimewaambia watu ndege yako ilizunguka juu ya jiji ikashindwa kutua. Nimemwambia padri. Watu waliokuwa nje siku hiyo na watoto wao, wamevaa miwani ya jua, walinisikiliza wakatikisa kichwa kwa heshima. Ninajua walichosema nilipowapa mgongo.

Ulipanda, ukashuka. Ulibadilisha mawazo ukiwa umekaa kwenye kiti. Nataka kujua Mama alikukosea nini mpaka ukashindwa kumpa saa mbili na dakika kumi. Sitaki nisikie kwa Sumela. Nataka mkono wako ule ule unaojua kuchonga majina uniandikie.

Salamu hazikubaki.

Evanthia


Stuttgart, 11 Agosti 1995

Dada Evanthia,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Chrysa anakusalimu, ameniambia nisipoiweka posta leo ataipeleka yeye. Hatujambo.

Mama hakunikosea lolote. Tafadhali usiwaze hivyo hata dakika moja.

Ninaogopa ndege. Nimeshaandika, sasa niendelee.

Sina sababu ya kukupa, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Mtu aliyetoka vitani akiogopa, watu wanamwelewa. Mimi sijaanguka popote, sijaona ajali, sijapoteza mtu. Nina miaka hamsini na mbili, nina masharubu, kiwandani naongoza watu kumi na wanane, na nikiona ngazi ya ndege nageuka nirudi nilikotoka. Mlikuwa mnanisifu mezani kila Agosti, Prodromos anapenda barabara, Prodromos ni dereva wa kweli. Prodromos hapendi barabara. Alikuwa anaendesha siku mbili, macho mekundu, watoto wanatapika nyuma, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kukaa saa mbili kwenye kiti. Vita ilipofunga njia ile nilibaki uchi.

Siku ile uliponipigia kwamba Mama anaondoka, nilikata tiketi. Nilijiambia kwa Mama nitaweza. Nilipanda, nikakaa dirishani, nikafunga mkanda. Nilikuwa nimeandika kwenye kiganja kilomita zote, mia kwa mia, ili nizifute moja moja. Halafu wakafunga mlango. Sijui nikuelezeje. Hewa iliisha, ya kwangu peke yangu, wengine walikuwa wanasoma magazeti. Nilisimama nikapiga kelele wanifungulie, kwa Kigiriki, na Kijerumani chote cha miaka ishirini na tano kilinitoka kichwani. Msichana mmoja wa ndege alinishika mkono kama mtoto. Sanduku langu la nguo lilikuwa limeshapakiwa, na sheria yao hairuhusu sanduku kusafiri bila mwenyewe. Wakashusha mizigo ya watu wote, wakaipanga chini kwenye theluji, nami nikasimama pale nionyeshe lipi ni langu. Madirisha yote yalikuwa na nyuso. Dakika arobaini, dada. Kama Sumela alikuambia walichelewa, aliyewachelewesha ni mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye simu ya ukutani nikakupigia. Nilitaka umwekee Mama simu sikioni nimwambie mwenyewe, yeye angenicheka kidogo na ingeisha. Ukaniambia amelala. Sikulaumu, mgonjwa usingizi ni haki yake. Nilipofika nyumbani sikuwa tena na uso wa kusema ukweli, jioni nikatunga ukungu.

Kuna jingine, bora nilitoe lote. Kiwandani walinipa siku tatu za msiba. Nilizimaliza kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye makaa na viazi, ili jirani yangu tunayefanya naye kazi asinione. Watoto niliwaambia wakiulizwa, baba yuko Ugiriki. Anatoli alikuwa na miaka kumi na minne, alinishushia chakula bila kuniangalia usoni. Niliporudi kazini walinipa mkono wa pole, wakaniuliza mazishi yalikuwaje. Nikawasimulia. Niliwaelezea hata supu ya samaki mliyokula baada ya kanisa.

Sasa unajua. Waambie watu unavyotaka.

Prodromos


Thesaloniki, 2 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wa Chrysa umepoa. Iordanis anakusalimu. Nilimsomea barua yako mpaka uliposhuka kwenye ndege, akavua miwani akasema, "Si angesema tu jamani, tungempokea stesheni." Sehemu ya chumba cha viazi sikumsomea.

Miaka mitatu nilijua wewe hukutaka kuja. Nilikuwa na uhakika. Nilijua umekaa kwenye kiti, ukafikiria mikojo na shuka na kelele za mgonjwa, ukasema acha Evanthia amalizie. Hasira hiyo ilinisimamisha, Prodromos. Nilikuwa naamka nayo. Sasa umeninyang'anya, na nimebaki na langu, nalo ni hili.

Mama hakuwa amelala.

Ulipopiga ilikuwa saa sita na nusu mchana. Alikuwa ameinuliwa kwenye mito, macho yamefunguka, akili yake safi kuliko siku zote za wiki ile. Simu ilikuwa kwenye meza ya dawa, kamba yake inafika kitandani, nilikuwa nimeivuta kwa ajili hiyo. Ukasema, "Dada, nipe Mama." Kwa sauti yako tu nilijua huji. Nilikuwa nimemgeuza, nimemwosha na kumlisha miezi kumi na minne, sikuwa nimelala vizuri siku tano. Nikajiambia, huyu anataka kumaliza kwa simu. Atasema maneno mawili matamu, Mama atafurahi, na mimi nitarudi kwenye beseni. Nikasema amelala. Nilisema hivyo huku ananiangalia.

Nikaweka simu chini. Akaniuliza, "Nani?"

Nikamwambia mtu amekosea namba.

Halafu, kwa sababu aliendelea kuniangalia, nikamwambia wewe uko njiani. Nikasema ndege imeshaondoka. Akauliza mwendo ni saa ngapi. Nikamwambia saa mbili na dakika kumi, nilikuwa nimeuliza tangu siku iliyotangulia. Akaniomba nimvalishe kitambaa kile cha bluu na nimchane nywele. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Lifti ikipanda alikuwa ananyanyua kidole nimsikilizie. Saa kumi na moja aliniambia nimvue kitambaa. Akasema, "Basi ana hasira na mimi. Sijui nimemfanya nini mtoto wangu." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikunja kitambaa nikakiweka kwenye droo. Asubuhi ya pili alikuwa amekwenda.

Aliondoka akiamini umemkasirikia, na aliyemwaminisha ni mimi.

Nimesimama juu ya shimo lile na wanawake wanatafuta nani anamshikilia, na nikawaacha waangalie upande wako. Nilijua ni nani. Nilikuwa nimeshika taulo.

Sikuombi chochote.

Evanthia


Stuttgart, 14 Septemba 1995

Dada Evanthia,

Hapa wote wazima.

Nisikudanganye, siku nane sikukusamehe. Niliisoma barua yako kiwandani wakati wa mapumziko, nikaharibu vyuma viwili siku hiyo, jambo ambalo halijanitokea tangu nifike nchi hii. Nilimwambia Chrysa sina dada. Akaniambia, "Dada unaye, uso wa kumhukumu ndio huna, ulikuwa kwenye viazi." Siku ya tisa nikaanza kukumbuka kwamba miezi kumi na minne ile mimi nilituma kahawa na chokoleti.

Naja. Ndege siwezi, nimeshajipima tena, nilifika mpaka mlango wa uwanja jana nikarudi na basi. Nitapanda treni mpaka bandari ya Ancona, kisha meli mpaka Igoumenitsa upande wa kwetu, kisha basi la milimani mpaka kwako. Nimepiga hesabu, ni siku tatu kasoro saa chache. Ningeweza kuifanya safari hii miaka yote, ila mngeniuliza kwa nini sikupanda ndege, na niliona heri mniite mwana mbaya kuliko mniite mwoga. Hayo ndiyo mawazo ya mdogo wako. Nitafika Jumamosi tarehe saba Oktoba.

Mwambie Padri Savvas aandae hiyo sala. Mbele ya watu nitasema langu, la kushuka na la ukungu. La simu wewe liache. Wote wanaamini ni mimi ninayemshikilia, waache waamini hivyo. Mimi ninaondoka, wewe unaishi na Bi Olga ngazi moja. Nitalibeba, nimeshazoea.

Mdogo wako,
Prodromos


Thesaloniki, 25 Septemba 1995

Mdogo wangu Prodromos,

Natumaini barua hii inakuwahi kabla hujapanda treni. Sisi tuko salama. Iordanis ameshaosha mapazia ya chumba chako, na ameyasinyaza, utalala na jua usoni. Beba koti, kwenye milima ya Igoumenitsa wanasema kumeshaanza baridi.

Umechelewa kunibebea. Jana Jumapili kulikuwa na kumbukumbu ya mume wa Bi Olga, tukakaa ukumbini baada ya kanisa, ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu kwenye sahani, kahawa, konyaki. Bi Olga akaanza, kama kawaida yake, Parthena wa watu, na mwana wake huko Ujerumani. Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia kwamba Prodromos anaogopa ndege tangu azaliwe, kwamba aliipanda kwa ajili ya mama yake ikamshinda, na kwamba alipiga simu aongee naye, na mimi nikamnyima. Nikawaambia Mama alikuwa macho. Nikawaambia na kitambaa.

Bi Olga alikuwa na kijiko mdomoni, akakiacha humo humo. Mmoja mmoja wakakumbuka wana chungu jikoni. Aliyebaki ni Sumela, alinisaidia kukusanya vikombe, na kwenye ngazi akaniambia siku ile ya theluji alitaka kukupungia mkono dirishani, akaona utazidi kuaibika. Leo asubuhi mtu mmoja dukani alihamia foleni nyingine aliponiona. Itapita, au haitapita. Goti linaniuma zaidi.

Kwa hiyo njoo na lako tu. Padri Savvas atatusubiri wote wawili Jumamosi jioni, basi likichelewa atasubiri Jumapili. Nimemwambia unatumia siku tatu. Hakucheka.

Ila mimi sikuweza kukusubiri. Kutoka ukumbini nilipitia makaburini, nikiwa na viatu vya kanisani, nikaenda mpaka pale ukutani. Stathis alikuwa anafagia, nikamwomba asogee kidogo. Nikamwambia Mama, siku ile uliniuliza ni nani aliyepiga simu. Alikuwa Prodromos, Mama. Alikuwa anakutaka wewe.

Dada yako,
Evanthia